Mwaka Tuliokuwa Sufuria

Mimi kunyamaza siwezi, na sijifichi. Kwetu mtu akitaka habari ienee hahangaiki kubandika tangazo: ananiambia mimi, kisha ananiomba nisimwambie mtu. Dada yangu mkubwa husema kwamba siku niliyozaliwa mkunga hakunipiga kofi nilie, alinipiga ninyamaze. Sasa hebu niambie, mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa siri ya nchi kumi na mbili.

Nachora grafu katika ofisi ya takwimu za afya. Kila mwaka tunalinganisha nchi tajiri kumi na mbili, na yetu ikiwemo. Swali hubadilika mwaka hadi mwaka, na la mwaka huu lilikuwa hili: kila nchi inatumia kiasi gani kwa afya ya mtu mmoja, na watu wake wanapata nini kwa pesa hiyo? Wanaishi miaka mingapi, vichanga wangapi wanatimiza mwaka, wangapi wanakufa kwa maradhi ambayo yangetibika kama yangewahiwa. Nakusanya namba, nachora, kisha kamati ya watu saba inaketi, inaisoma grafu yangu, na inaamua serikali itie pesa wapi na itoe wapi.

Ila tuna utaratibu mmoja ambao sijausikia penginepo. Nchi hazitajwi majina. Mkuu wetu wa zamani, mama mmoja aliyestaafu kabla sijaajiriwa, alichoka na ugomvi wa kamati. Alikuwa akisema ukimwonyesha mtu kwamba nchi yake iko chini, haulizi kwa nini iko chini, anauliza nani kachora. Basi akapiga marufuku majina. Namba nazo alizikataa, maana kila mtu atataka kuwa namba moja. Akachukua vyombo vya jikoni. Nchi hii ni Birika, ile ni Ungo, nyingine Mwiko, Kinu, Chujio, Sufuria, mpaka zinatimia kumi na mbili. Kila mwaka vyombo vinapigiwa kura upya. Mchoraji anajifungia chumbani, anachota vikaratasi kwenye bakuli, anaandika nani ni nani, anafunga bahasha na kuipiga muhuri. Kamati inajadili vyombo na kutoa ushauri kwa kila chombo, katibu anaandika, na bahasha inakatwa mwishoni. Mpaka ikatwe, mwenye siri haruhusiwi kusema neno, labda aulizwe kuhusu namba. Akiropoka, kikao kinavunjwa, na yeye anakwenda kutafuta kazi nyingine.

Miaka mitatu niliimudu siri hiyo vizuri tu, kwa kuwa haikunigusa. Mwaka jana tulilinganisha meno. Sisi tulikuwa Birika, tukatoka wa pili, na mwenyekiti wa kamati, iliyoteuliwa upya mwaka huo, alifurahi mpaka akatuonyesha ya kwake yote. Siri ya meno nani hawezi kuitunza?

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine, kwa sababu ya dada.

Dada ni muuguzi wa kutembelea nyumbani. Ana mkoba mweusi, viatu vya raba na orodha ya nyumba kumi na nne. Anabisha hodi, anapima presha, anafunga vidonda, anahesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo ajue kama mgonjwa anameza dawa au anamdanganya. Wako ishirini tu, mji mzima. Na katika mapendekezo ya mwaka huu, ukurasa wa tisa, kulikuwa na mistari minne inayosema kikosi chao kivunjwe na fedha zao ziende kwenye jengo jipya la mashine za kupiga picha ndani ya mwili. Kamati ingepiga kura Alhamisi.

Jumapili kabla ya hapo dada alikuja kwangu. Hakuja kulia, dada si mtu wa kulia. Aliketi jikoni, akavua viatu, akanisimulia habari za mgonjwa wake mmoja, fundi saa mstaafu ambaye wote tunamwita Mzee Saa. Yule mzee ni nadhifu kupindukia, hata kutoa taka anavaa tai. Siku moja alimfungulia mlango kamba za viatu zikiwa zimelegea. Dada aliinama kana kwamba anamfungia, akabonyeza mguu kwa kidole. Kidole kikaacha shimo. Miguu ilikuwa imevimba kwa maradhi ya moyo. Mzee alifikishwa hospitali mchana huo huo, na baada ya siku nane alikuwa nyumbani kwake akilalamika kwamba chai ya hospitali haina sukari.

"Mashine inaona mpaka ndani ya mfupa," dada alisema, "lakini haioni kamba ya kiatu."

Dada ana miaka ishirini na mbili kwenye kazi hiyo. Akiondolewa anaweza kupata kazi wodini, sawa, lakini zile nyumba kumi na nne nani atazibishia hodi? Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Hakuniuliza bahasha ina nini. Utaratibu anaujua, na anajua pia kwamba akiniuliza nitamwambia. Badala yake alitoa kwenye mkoba pakiti ya pipi za kikohozi, zile kubwa za kijani, akanihesabia nane mkononi.

"Neno likipanda, tia moja," akasema. "Mama alitufundisha kutoongea na kitu mdomoni, na ndilo funzo pekee lililokuingia."

Nilitaka kumjibu, ila nilikuwa nimeshatia moja kuonja, kwa hiyo akanilazimu niitoe na kuifungia tena kwenye karatasi yake.

Sasa wewe msomaji nikuambie kilichokuwa ndani ya bahasha, maana yameshapita. Mwaka huu kura ilituangukia vibaya. Tulikuwa Sufuria. Na Sufuria, jamani, alikuwa aibu tupu. Kwenye grafu yangu, kadiri nchi inavyotumia zaidi ndivyo kitone chake kinavyokwenda kulia, na kadiri watu wake wanavyoishi zaidi ndivyo kinavyopanda. Vitone kumi na kimoja vilikaa pamoja kama watu wa familia moja kwenye picha, hiki mbele kidogo, kile nyuma kidogo. Cha kumi na mbili kilikuwa kule kulia kabisa, peke yake, na chini ya wenzake wote. Niliangalia namba mara tatu nikidhani nimekosea. Sikukosea. Nilikasirika na kile kitone kama mtoto uliyemvalisha nguo nyeupe akarudi na matope.

Alhamisi asubuhi, ghorofa ya tatu. Nilikuwa nabeba nakala za grafu kuingia ukumbini nilipomsikia mwenyekiti kwenye korido akimwambia mjumbe mwenzake, huku akisugua viganja, kwamba ana hamu ya kuona Birika wetu amefanyaje mwaka huu.

Birika wetu! Nilisimama hapo hapo. Yule bwana alikuwa na kumbukumbu ya mwaka jana kichwani, ya meno, akadhani chombo ni kama kabila, mtu anazaliwa nacho. Na Birika wa mwaka huu ilikuwa nchi nyingine kabisa, inayotumia pesa za wastani, na watu wake wanaishi mpaka wanachoka. Mdomo ulinifunguka wenyewe. Nikatia pipi ya kwanza, na kikao hakijaanza.

Usidhani niliacha makusudi apotee. Chini ya grafu nilikuwa nimeandika kwamba vyombo vimepigiwa kura upya. Mkuu wangu wa sasa, ambaye tunamwita Mama Desimali kwa sababu hata umri wake anautaja kwa nukta, ndiye aliyesema nipunguze herufi, zinachafua karatasi. Zikawa ndogo kama mchwa. Na bado Mama Desimali alisimama kufungua kikao kwa kusoma utaratibu, kama kawaida. Alifika "vyombo vya mwaka huu," mwenyekiti akamkata kwa upole kwamba utaratibu wanaujua wote, waende kwenye kazi. Mama Desimali akaketi. Kukatizwa katikati ya sentensi kunamuuma kuliko jino, lakini mwenyekiti ni mwenyekiti.

Nilikaa kwenye kiti changu ukutani, bahasha mapajani. Walianza na Kinu, wakaenda Chujio, wakaenda Mwiko. Kwa kila chombo walisema maneno mawili matatu ya busara na katibu akaandika. Katibu wetu ni bwana mmoja asiye na uso wa furaha wala wa huzuni, anaandika kila kinachosemwa, hata ukipiga chafya. Kisha wakafika kwa Sufuria, na busara ikaishia hapo.

Mwenyekiti alikitazama kile kitone, akavua miwani, akaivaa tena, akacheka. Alicheka kwa raha ya mtu anayesoma habari za jirani. Aliuliza hawa ni watu wa wapi, wanakula hizo pesa au wanaziota moto. Kabla ya siasa alikuwa mhandisi wa maji, na jambo hilo lilimwamsha kabisa.

"Ukiona mtu anafungulia maji kuliko jirani zake wote na bustani yake ndiyo inayokauka," alisema, "usimwongezee bomba. Tafuta panapovuja."

Daktari mmoja wa watoto, mama mstaafu, ndiye mjumbe pekee anayesoma majedwali mpaka mwisho. Akaanza kuwaonyesha panapovuja. Kumbe watu wa Sufuria hawaendi kwa daktari mara nyingi kuliko wengine. Wanakwenda mara chache. Hata hospitali hawalazwi sana. Ila kila wanachoguswa nacho kina bei ya juu, kidonge kile kile, kipimo kile kile, na ofisi za kuandikiana makaratasi ni nyingi kuliko wodi. Mashine wanazo tele. Kisha akafika safu ya mwisho kabisa, wauguzi wanaotembelea watu majumbani. Sufuria alikuwa wa mwisho. Na wa kwanza, kwa mbali, alikuwa Birika.

Mwenyekiti akapiga meza kwa furaha. Akasema si mnaona, ndiyo siri ya Birika. Akageuka kwa katibu na kumwamuru aandike ushauri kwa Sufuria, neno kwa neno: wasinunue mashine nyingine hata moja mpaka kwanza wawe na watu wa kutosha wa kubisha hodi. Akaongeza kwamba ni watu wa kuhurumiwa, nyani haoni kundule, na kama wangekuwa na mtu mmoja wa kuwaambia ukweli wasingefika hapo. Katibu akaandika.

Mimi huku ukutani pipi ya tatu ilikuwa imekwisha bila kunyonywa, nimeitafuna. Moyo ulitaka kuruka kwa furaha, lakini nilimjua mwenyekiti. Hakuwa amemaliza.

Kweli, akafika kwa Birika. Alisema bura yangu sibadili na rehani, akajipigapiga kifuani, na wajumbe wawili wakatabasamu naye. Kisha akafungua ukurasa wa tisa. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na ndiyo iliyonitoa jasho: Birika ana wauguzi wa nyumbani wengi kuliko nchi zote, kwa hiyo anao hata wa kupunguza. Akiondoa ishirini hatasikia. Fedha za hao ishirini zijenge jengo, na Birika awe na vyote viwili, hodi na mashine.

Ishirini. Niliwaona wote mbele ya macho yangu, dada akiwa wa kwanza, na mkoba wake. Ningesema maneno matano tu yule bwana angeona kosa lake. Lakini kikao kingevunjwa, bahasha ingetupwa, ushauri kwa Sufuria ungefutwa, na kikao kingine kingeitishwa wakati majina yameshajulikana, kila mtu akitetea kwao. Nikatia pipi ya nne na ya tano kwa pamoja. Macho yalinitoka machozi kwa ukali wake.

Ndipo mwenyekiti akanitazama mimi.

"Binti wa grafu," akasema, "hii namba ya wauguzi wa Birika ni sahihi?"

Wajumbe wote saba wakanigeukia. Nimelelewa vizuri, sikuweza kujibu na pipi mbili mdomoni, na kuzitema mbele za watu sikuweza. Nilizimeza. Zilishuka kama mawe.

"Ni sahihi, mzee," nikasema. Sauti ilitoka ya mtu mwingine. Nikafunga mdomo.

Akashukuru, akataka kura ipigwe palepale, tumalize, watu wana shughuli. Yule daktari wa watoto alikuwa ameinamia karatasi yake. Nilimwona akiisogeza karibu na pua, kule chini, kwenye mchwa wangu. Alisoma. Aliinua kichwa akanitazama mimi, akamtazama mwenyekiti. Mimi nikaitazama dari. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ukurasa wa tisa unahusu nchi yetu kwa jina, kwa hiyo kwa utaratibu kura yake inapigwa baada ya bahasha. Mwenyekiti akasema haya, kateni bahasha, kana kwamba anaagiza soda.

Niliipeleka mwenyewe. Yeye ndiye aliyeikata na yeye ndiye aliyesoma. Kinu ni nchi fulani. Chujio ni nchi fulani. Birika, akasema, akataja nchi nyingine, akaendelea mstari mmoja mbele kabla masikio yake hayajamfikia. Akarudi. Akaigeuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma. Hakikuwepo. Kidole chake kikashuka polepole mpaka Sufuria, kikakaa hapo.

Nikasikia kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo.

Aliniuliza kama bahasha ni ya mwaka huu. Nikamwambia ni ya mwaka huu, na muhuri ni wa Ijumaa iliyopita. Akaniuliza kama nilijua alichokuwa anadhani.

"Nilijua, mzee," nikasema. "Tangu kwenye korido. Lakini sikuruhusiwa kusema."

Hapo niliogopa kweli. Mtu mkubwa akiaibika mbele ya watu huwa anatafuta mdogo wa kumtupia aibu hiyo, na mdogo mle ndani nilikuwa mimi. Uso wake ulikuwa mwekundu, kisha ukawa wa kijivu. Aliketi. Akamwambia katibu asome alichoandika kuhusu Sufuria.

Katibu akasoma, na sauti yake haina chumvi wala sukari. Mwenyekiti alicheka. Mwenyekiti aliuliza kama wanazila pesa au wanaziota moto. Maji, bustani, bomba. Wasinunue mashine nyingine hata moja mpaka kwanza wawe na watu wa kutosha wa kubisha hodi. Nyani haoni kundule, mwenyekiti.

Wa kwanza kushindwa alikuwa Mama Desimali. Miaka minne nafanya naye kazi sijawahi kumsikia akicheka, na alicheka kwa sauti nyembamba ya kushtua, akafunika mdomo kwa jedwali. Kisha daktari. Kisha meza nzima. Mwenyekiti aliwaangalia mmoja mmoja. Nilidhani atasimama aondoke. Akavua miwani, akajifuta macho, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Iandikwe hivyo hivyo," alisema alipopata pumzi. "Palipo na Sufuria, weka jina letu."

Katibu akauliza, bila kuinua kichwa, "Na nyani?"

"Nyani naye mwache alipo."

Kura ilipigwa kwa mikono. Kuvunja kikosi, hakuna hata mkono mmoja. Kukiongeza kiwe mara mbili na jengo lisubiri, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mwenyekiti, na sita ikafuata. Alipokuwa akitoka alisimama karibu na kiti changu, akaniambia mwakani ile habari ya kura upya niiandike kwa herufi kubwa kama za mabango ya barabarani. Nikamjibu, hewala mzee.

Nilitoka mbio. Dada Alhamisi mchana huwa kwa Mzee Saa, na kwa Mzee Saa ni ghorofa ya nne bila lifti. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyosimulia: nianze na korido, niigize sauti ya katibu, nyani nimweke mwisho. Bahasha ilishakatwa, nilikuwa huru kusema kila kitu. Nikagonga. Dada akafungua, kipimo cha presha shingoni, na nyuma yake Mzee Saa yuko kwenye kiti, tai imekaa sawasawa, mkono wa shati umekunjwa.

Na mimi sikuweza kusema. Nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Mimi! Machozi tu, yanatiririka, nimeshika fremu ya mlango nahema.

Dada alinitazama. Uso wake ulishuka, kisha akajikaza, akanishika bega.

"Basi, mdogo wangu," akasema taratibu. "Usiseme. Nimeelewa."

"Hujaelewa," nikasema. "Mnabaki."

"Nani?"

"Wote. Na wengine ishirini."

Nilishasema dada si mtu wa kulia. Basi aliketi chini, pale pale kizingitini, na viatu vyake vya raba, akalia kama mtoto. Mimi nikaketi naye. Mzee Saa alitutazama kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja vitu vitembee vyenyewe, mwishowe akauliza kama bado kuna mtu wa kumpima presha au ajipime mwenyewe.

Dada akainuka huku akicheka na kufuta uso kwa kiganja. Kabla ya kumrudia mzee aliniona bado nahema, akanifunga mimi kitambaa cha kipimo kwanza, akapampu, akasikiliza.

"Imepanda," akasema. "Keti hapo, unywe maji, na usiongee mpaka ishuke."

Nilimrudishia pipi zake tatu zilizobaki, nikaketi, nikaongea mpaka jioni.